Kikande Hutazamwa Mdomo

Biashara ilipoachiwa huru, jirani yangu wa Area D, mtumishi mwenzangu wa serikali kutoka Tanga, aliweka sebuleni tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe na kaa wadogo. Nami nikaweka langu.

Tulikwenda Dar pamoja kununua vikande, wale samaki wa miambani wenye meno makali. Yeye alimchukua mwenye madoa ya kupendeza. Mimi nilipiga magoti mbele ya kioo nikawatazama midomo, kama baba alivyonizoesha mnadani Mpwapwa, ambako mbuzi halipiwi kabla hajafunuliwa kinywa. Jirani alicheka mpaka muuzaji akageuka.

"Wagogo bwana! Samaki naye anatazamwa meno?"

Wenye mdomo ulioelekea chini na meno mazito niliwaacha, maana hao hutafuna kaa na matumbawe. Nilimchagua wa bluu, mdomo umeelekea juu, anayedaka vijidudu vinavyoelea.

Mwezi haukuisha, tangi la jirani likabaki na kikande mmoja mnene juu ya vifusi vya matumbawe. Akaja kwangu, akawatazama kaa wangu wakitembea bila hofu.

"Dada, huyu wako ulimpata wapi?"

"Palepale uliponicheka."