Mjapani au Mjerumani? Nilivyoosha sports car mbili kwa maji ya kisima

Salaam wakuu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu ya heshima zaidi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwetu Waa hadi Kombani tu, naaga watu kama ninakwenda ng'ambo.

Ndiyo maana shemeji yangu Hamisi, mtunza nyumba ya tajiri mmoja Diani, alipokwenda Ramisi kumuuguza mamake, alinikabidhi funguo mimi.

"Shemeji, wewe ukikaa hutoki. Hiyo ndiyo sifa niitakayo."

Nyumba ile ina sports car mbili za zamani, moja ya Mjapani, nyingine ya Mjerumani. Zote rika langu, ila zimetunzwa kunishinda.

Kazi yangu: kuziwasha, kuzizungusha uani, na kuziosha chini kwa sababu ya hewa ya chumvi. Mfereji ulikuwa mkavu, nikachota kisimani.

Sasa comparison yenyewe.

Mjapani ana pua ndefu na sauti nyembamba. Gia zinaingia bila ubishi. Ukikosea, anakusamehe.

Mjerumani hana habari na wewe. Klachi nzito, injini iko nyuma, tena inapozwa kwa hewa. Nilizunguka nusu saa na jagi la maji nikitafuta radiator, kumbe hana! Lakini ukimpatia, mngurumo unakuingia kifuani.

Nilikuwa nimeshampa Mjerumani ushindi, Mama Wambua aliponikuta na ndoo. Huyu ni mama wa bara, hufua pale kila Alhamisi.

"We baba, hayo maji umetoa wapi?"

"Kisimani."

"Cha hapa? Mimi hata shuka sifulii hayo! Sabuni haitoi povu, ni chumvi tupu!"

Wakuu, kisima chetu Waa ni kitamu. Nikadhani kisima ni kisima. Wiki mbili nimekuwa nikiondoa chumvi kwa chumvi. Mtoto wa pwani, nafundishwa maji ya pwani na mgeni!

Na tajiri alikuwa anafika Jumamosi. Akiona kutu, Hamisi hana kazi, na mamake yuko kitandani.

Mama Wambua aliziacha nguo zake. Tulichota maji ya mvua kwenye tangi alilonionyesha nyuma ya nyumba, tukalala chali chini ya magari, tukasuuza mpaka adhana ya Magharibi. Hakunilaumu. Alinicheka tu, tena kwa sauti.

Jumamosi nilimwambia tajiri kabla hajauliza: kosa ni langu, si la Hamisi. Akaingia chini na tochi. Nikasimama pale kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, na yangu hayakuwa ya kusimulia.

Akatoka akijipangusa. "Ziko salama. Mwambie Hamisi amuuguze mama yake, kazi yake ipo."

Nilikaa chini palepale kwenye changarawe.

Nilichojifunza: kabla ya kuosha gari la watu, onja maji. Na ukiwa na mtu wa kukucheka huku anakusaidia, mshukuru Mungu.

Haya, Mjapani au Mjerumani? Mimi kura yangu nimempa Mama Wambua. Nichekeni kwanza, kisha mjibu.