Kijiji cha Mama Zuhura

Nilipokuwa mtoto nilikionea wivu kijiji kimoja cha Italia ambacho hadi leo sijakitia mguu. Mama Zuhura, mpangaji mwenzetu pale Kariakoo, alikuwa yaya wa watoto wa mhandisi wa Kiitaliano, na likizo moja wakasafiri naye hadi kwao mlimani. Zuhura akabaki na baba yake.

Mama Zuhura aliporudi, uani hapakuwa na habari nyingine: nyumba za mawe zimebanana kama meno, kengele ya kanisa, mbuzi wanapita mlangoni, ukungu mpaka adhuhuri. Balozi wetu wa nyumba kumi alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama wananchi wale walihamia kijiji chao cha ujamaa kwa hiari.

Zuhura aliletewa sweta jekundu. Alilivaa katika joto lile lile la Kariakoo, jasho likimtiririka, nami nikimtazama bila kupepesa.

"We Mwajuma," bibi yangu alinikemea, "sema mashallah! Jicho lako hilo litamwangusha mtoto wa watu."

Nikageuka nikaenda zangu bila kuisema. Wiki ile ile Zuhura akalala na homa.

Mama yake akatoa ujuzi wa kule mlimani: sahani ya maji, matone ya mafuta. Yakibaki duara, ni homa tu. Yakitawanyika, mtoto kapatwa na jicho.

Yakatawanyika. Nikarudi nyuma ya bibi.

"Haya si mafuta ya kula?" balozi akauliza. Dukani hayakuwa yameonekana tangu Ramadhani. "Umeyapata wapi, mama?"

"Balozi, mtoto anaumwa!"

"Nauliza tu."

Bibi akasema kila aliyelitamani lile sweta, au ile safari, aje amguse Zuhura na kusema mashallah. Nilidhani nitakwenda peke yangu. Nikakuta foleni kama ya sukari: mama yangu, muuza kahawa wa chumba cha mbele, wapangaji wote. Balozi alijipenyeza nyuma, akasema amekuja kwa niaba ya shina la nyumba kumi.

Zuhura akapona. Klorokwini nayo ilikuwamo, ila hakuna aliyeisifu.

Nilipomwambia kwamba sweta bado nalitamani, alinishangaa.

"Lichukue. Mwenzio likizo nzima nilikuwa nakutazama ukisukwa na mama yako, roho inaniuma kweli."

Utotoni niliugua mara nyingi, nikanyweshwa dawa chungu nikalala. Hakuna aliyewahi kuniwekea sahani ya maji, kwa kuwa hakuna aliyefikiri, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba nilikuwa na kitu cha kutamaniwa.