Mavis na Nusu Peni za Kalunguyeye

Mavis Grimshaw alifikisha miaka sabini na miwili bila kumwomba mtu kitu. Sisemi hakuwa na shida. Shida alikuwa nazo tele. Ila neno "naomba" likifika kooni lilikwama kama mwiba wa samaki, uso unamwiva, na mwisho wake yeye ndiye anayetoa. Mwaka mmoja walimpa kopo la kuchangisha asimame nalo mbele ya duka la mikate pale Thornbeck, mji mdogo wa Uingereza. Alisimama asubuhi nzima kalificha mgongoni. Mzee mmoja mwenye huruma akazunguka nyuma kutumbukiza sarafu. Mavis akamwambia, "Samahani sana," akampa na biskuti.

Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, na nusu ya mji ilikuzwa na pudingi yake iliyoogelea kwenye kastadi ya njano. Alipostaafu akaanza kuuguza kalunguyeye, wale wanyama wadogo wenye miiba mgongoni. Aliyegongwa na baiskeli, aliyenasa kwenye wavu wa mpira, aliyekunywa bia iliyomwagika bustanini, wote waliletwa kwa Mavis wakiwa ndani ya kofia za watu. Kibanda cha nyuma ya nyumba kikaitwa Hospitali ya Kalunguyeye ya Thornbeck, ikasajiliwa rasmi kuwa shirika la hisani, na hela ikawa haina.

Shoga yake wa tangu utotoni, Noreen Pickup, jirani yake wa ukuta mmoja na mwanamke asiyejua haya inauzwa wapi, ndiye aliyekuja mbio siku moja na simu mkononi.

"Shoga, dawa yako imepatikana! Kuomba bila kuomba."

"Hakuna kitu kama hicho."

"Kipo. Tazama ukurasa huu. Ukitaka kutafuta jambo lolote mtandaoni, unalitafutia hapa. Wenye matangazo wanatoa nusu peni kwa shirika la hisani ulilochagua. Ukinunua kitu kupitia hapa, duka linakata kidogo linalipa shirika lako, na bei yako haipandi hata senti."

"Na huombi mtu?"

"Huombi mtu."

"Hata mtu hajui kama nimefanya?"

"Mungu mwenyewe itabidi aulize."

Jamani, Mavis alipagawa. Alikuwa akisimama kwenye mvua huku anatafuta kama mvua inanyesha. Alitafuta leo ni siku gani ilhali kalenda inamtazama. Ukurasa wenyewe haukuwa mjinga, swali lililorudiwa haulilipi, kwa hiyo ilimbidi abuni mapya kila mara: kwenye foleni ya posta, chini ya mashine ya kukaushia nywele saluni, hata kanisani wakati wa tangazo refu la mchungaji. Kidole gumba chake kikawa hakitulii. Mwaka ukapita, nusu peni zikanunua chakula cha paka, ambacho kalunguyeye wanakipenda kuliko paka wenyewe.

Kisha ikaja Oktoba, na sanduku la joto la umeme, alimolaza vichanga kibandani, likaungua.

Wakati huo alikuwa na watoto watano wa kalunguyeye waliozaliwa wamechelewa, kila mmoja anaenea kwenye kikombe cha chai. Walikuwa wadogo mno kuweza kulala usingizi wa baridi, ule ambao kalunguyeye hulala hadi joto lirudi. Bila joto wasingeamka. Mavis akawahamishia kwenye kabati la taulo, lile lenye tangi la maji moto, akawalaza juu ya mfuko wa mpira wenye maji moto na kuubadilisha maji kila baada ya saa mbili. Alhamisi mmoja akafa kiganjani mwake. Redio ikasema Jumanne maji yataganda nje. Sanduku jipya lilikuwa paundi mia mbili na themanini, na nusu peni zake zisingefika huko hadi Noa arudi.

"Watangazie watu," Noreen alimsihi. "Keshokutwa Jumapili, mji mzima utakuwa pale baa."

"Siwezi, Noreen. Nitakufa."

"Basi watakufa wao."

Mavis alilia kidogo, akaosha uso, akaenda kubadilisha maji.

Jumapili, baada ya nyama ya kuoka, watu wa Thornbeck hucheza chemsha bongo katika baa ya Kondoo Mweusi. Usifikiri ni mchezo; mshindi huondoka na nyama ya nguruwe. Mwendeshaji wake, Clifford Tattersall, fundi bomba mwenye sauti ya kengele, alikuwa na ndoo ya kukusanyia simu zote mlangoni. Kuibia majibu pale ni aibu kuliko kuiba gari. Kuna bwana mmoja aliyewahi kuchungulia simu chooni ili ajue mto fulani unaishia wapi. Miaka tisa imepita na hadi leo anakunywea mji wa pili.

Mavis hakuitia simu yake ndooni. Aliisahau mkobani, ndivyo alivyojiambia. Duru ya pili ilipoanza, huku Noreen anabishana na meza kuhusu mji mkuu wa Mongolia, kidole gumba kilishaanza kazi chini ya meza. Moyoni hakujihesabu mwizi, kwa sababu hakuwa anatafuta majibu.

Clifford aliuona mwanga wa buluu kidevuni mwake.

"Bi Mavis."

Vichwa vikageuka. Hata aliyekuwa anatafuna alisimamisha taya.

"Kuna nini hapo chini?"

"Hakuna kitu, Clifford."

"Hakuna kitu kinawaka? Wewe Bi Mavis? Wewe uliyenishika sikio shuleni kwa kuficha kabichi yako mfukoni?" Clifford alikuwa karibu kulia. "Lete."

Akaipokea simu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ili haki ionekane. "'Je, kuku wana magoti?'" Akatazama karatasi yake ya maswali, akatazama tena simu. "'Je, kondoo wakinyeshewa wanaruka?' Hapana, 'wanarudi kama sweta iliyofuliwa?' 'Nani alivumbua upande wa kushoto?' 'Clifford Tattersall ana miaka mingapi?'"

Mtu akapaliwa na bia.

"'Kwa nini Clifford Tattersall anapiga kelele?'"

Hapo baa ilipasuka kwa kicheko. Mavis aliiva kama nyanya. "Nilikuwa nimeishiwa vya kutafuta," alisema.

Na kwa kuwa sasa ilikuwa ama aeleze au akanywee mji wa pili na yule bwana, akaeleza. Nusu peni, ukurasa, sanduku lililoungua, wanne waliobaki kabatini, baridi ya Jumanne. Alieleza akiwa anaitazama meza.

"Mwaka mzima," Clifford akasema. "Kwa nini hukutuambia?"

"Sikutaka kuwasumbua."

"Haya, tusumbue. Unataka nini?"

"Samahani..."

"Siyo hilo."

"Kama hamtajali..."

"Bado."

Noreen alimbana mkono. Mavis akavuta pumzi. "Naomba," akasema. "Naomba mnisaidie."

Ajabu ni kwamba hakufa. Alisikia raha, raha ya kuvua viatu vinavyobana, mpaka akacheka peke yake.

Clifford akabinua ndoo, simu zikamwagika mezani kama viazi. "Duru ya tatu! Kila mtu kwenye ukurasa wa Bi Mavis! Asiyeibia namtoa nje!"

Basi hapo ndipo utu uzima ulipowatoka. Watu walioishi maisha yao yote bila kuibia hata jibu moja sasa wakaibia kwa mikono miwili. Clifford aliuliza pweza ana mioyo mingapi, meza zikatafuta hilo na mengine kumi ambayo hakuna aliyeyauliza. Muuza nyama akapiga kelele kwamba hata hivyo alikuwa anahitaji mashine ya kufulia, akainunua palepale, baa ikashangilia kama goli. Mchungaji akakata bima ya gari. "Loh! Bima imetoa zaidi ya mashine!" akapaza sauti. Wote wakakumbuka bima zao. Noreen, aliyekuwa akifikiria likizo ya kisiwa cha Majorca kwa miaka sita, alinunua tiketi mbili, kisha akauliza, "Jamani, ya pili nampa nani?" na wazee wanne wakanyanyua mikono.

"Tatizo," Mavis akasema kwa sauti ndogo, "hizo hela zinachukua wiki sita kufika."

Clifford alibonyeza simu yake mara tano, akaigeuza aione. Sanduku la joto, kufika kesho kabla ya saa sita mchana. Na kwa kuwa alilinunua kupitia ukurasa uleule, sanduku nalo likawachangia kalunguyeye.

"Swali la mwisho," akatangaza haraka, maana macho yalimlowa na hakutaka watu waone. "Nani alilisha mji huu miaka thelathini na mmoja, asiombe hata chumvi?"

Simu zikatafuta. Mtandao ulileta kiwanda cha chumvi, mtakatifu mmoja na mgahawa wa Ureno. Hakuna aliyesoma. Meza karibu zote zilishaandika.

Meza moja tu ilikwama, na kalamu ilikuwa kwa Mavis. Alitafuta kwa uaminifu, akakunja uso. "Noreen, wewe unajua?"

"Najua, ila sikwambii," Noreen akasema, anajipangusa pua.

Mavis akaandika, Hatujui.

Clifford akasoma karatasi moja baada ya nyingine, jina lilelile moja, meza kwa meza, na kila likitajwa baa ilipiga miguu chini. Alipofika kwao akasoma, akatikisa kichwa. "Kosa. Mmeshindwa kwa pointi moja. Nyama ya nguruwe inakwenda kwa mchungaji."

Mavis alikuwa bado anafuta machozi. Akainuka, akaweka mikono kiunoni.

"Clifford," akasema, na safari hii neno halikukwama popote, "naomba hiyo pointi."