Magogo Manne Chini ya Mwamba

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hivyo nitasema tu vile ilivyokuwa. Mguu wangu wa kushoto ulibaki kwenye chimbo la vito, kupita Maungu, upande wa Kasighau. Waliouacha humo ni mwenye chimbo, msimamizi wake na pasta wao. Wenyewe wanajijua. Nami pia nimo.

Kila Jumatatu tulisimama mdomoni mwa shimo, kofia mkononi. Pasta aliletwa na gari la bosi kutoka Voi, akaweka kiganja juu ya mwamba, akakemea mapepo, tukasema amina. Bosi aliipenda sana ibada hiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kununua magogo.

Fundi wetu wa magogo, wa kusimamisha miti chini ili dari isituangukie, alikuwa Mdawida wa kijiji cha Wusi, milimani, mzee wa kanisa huko kwao. Amina yake ilikuwa kubwa kuliko zetu. Halafu alichukua mtarimbo, akaingia peke yake, akigonga dari hatua kwa hatua, sikio juu. Mwamba mzima hulia kama kengele. Ulioachana ndani hulia kama debe bovu. Hakuna aliyeingia mpaka atoke.

"Tumeshaomba, mzee," msimamizi alimwambia. "Sasa unaenda kumkagua Mungu?"

"Namkagua bosi. Magogo ya Mungu yako msituni, yamekomaa. Kilichokosekana ni lori."

Tulicheka. Mimi ndiye niliyembandika jina Tomaso, kwa kuwa lazima ashike ndipo aamini.

Kisha tukafikia mshipa wa vito vya kijani, na bosi akashikwa na haraka. Magogo yaliisha. Akasema chimbeni, yataletwa. Mzee akakataa kutuongoza mbele chini ya dari tupu, basi msimamizi akampeleka juu kusukuma toroli.

Mtu mwingine angekaa kitako, angoje tuumie, aonekane alisema kweli. Yeye, saa ya chakula, tukila githeri nje, alienda kwenye tawi la zamani la shimo, lililokwisha vito, akang'oa magogo akianzia ndani kurudi nyuma, akaleta moja kila siku begani, akatusimamishia. Aligonga kabari mpaka gogo likakaza, halafu akalisukuma kwa bega kama anayetaka kuliangusha. Hakuna aliyemtuma. Jumatatu hadi Alhamisi, magogo manne.

"Tomaso, njoo ule! Hiyo kazi hulipwi!"

"Nimemwomba Mungu awalinde," akasema. "Nikikaa, nitakuwa nimemdanganya."

Ijumaa nilimvuta shati. Nikamwambia leo hata Mungu anakula. Wenzangu wakashangilia, akacheka, akalaza gogo la tano kando, akakaa. Baada ya chakula msimamizi akapiga kelele turudi upesi, na mzee akaitwa kwenye toroli.

Dari ilishuka kabla ya saa nane. Nilikuwa kando ya gogo la nne, mguu mmoja umetangulia. Binamu yangu alikuwa hatua mbili mbele, mahali pa gogo la tano. Gogo la nne lilipinda, likalia vibaya, halikuvunjika. Tulitolewa hai watu watano. Binamu yangu walimtoa kesho yake, maiti.

Kwenye mazishi, niliambiwa, pasta alisema ni kazi ya shetani. Shetani hata hakuwa na chimbo. Bosi alileta blanketi. Msimamizi hakuonekana.

Siku hiyo hiyo mzee alikuja hospitalini Voi, viatu vikiwa na udongo mwekundu wa kaburini. Nilimngoja aseme, "Si niliwaambia?" Nilistahili. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama pale shuka lilipolala bapa.

"Mdogo wangu, nisamehe. Gogo lilikuwa tayari, nikaliweka chini."

"Mzee, mimi ndiye niliyekukalisha."

"Magoti yaliyokunjwa ni yangu."

Nikalia kama mtoto. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kisha akatoa kamba mfukoni, akaniambia nisimame nishike kitanda. Akanipima kutoka kwapani hadi chini, akafunga fundo. Akalifungua, akanipima tena, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimejikunja.

"Simama wima," akasema. "Mkongojo mfupi utakuumiza mgongo."