Kaka yangu anauza jasho la marehemu Baba, na mimi ndiye niliyeandika vikaratasi

Admin, naomba usiweke jina langu wala la duka. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina mtoto mmoja, naishi Karatu mjini. Niliishia kidato cha nne, na tangu shuleni naandika daftari la kila siku, tarehe juu, mambo chini. Haya nimeyatoa humo, sijatia chumvi.

Baba yetu ujanani alipiga gitaa la umeme kwenye bendi ya dansi huko Arusha. Bendi ilipovunjika alirudi kijijini kwetu Ganako kulima, akaja na gitaa lake. Alipofariki lilibaki limetundikwa ukutani chumbani kwa Mama. Mimi nafanya kazi kwa kaka yangu mkubwa, mwenye duka la vinyago na shuka za Kimasai kwa wageni wanaopita kwenda kreta kuona wanyama. Mwaka jana dereva mmoja wa watalii alimwambia kuwa wapo wageni wanaokusanya magitaa ya zamani. Wanataka lile ambalo halijabadilishwa kitu: rangi ileile, skrubu zilezile, mbao iliyolika pale mkono unapoegemea.

Basi kaka akaanza kununua magitaa mapya ya bei rahisi na kuyazeesha. Anayapiga msasa ubavuni, anayafukia kwenye samadi wiki mbili, kisha anayatundika jikoni juu ya moshi. Skrubu anaziloweka kwenye maji ya chumvi zishike kutu. Mwisho anapaka shingo ya gitaa mafuta ya kondoo na kusugua kwa gunia, ionekane imeshikwa na mkono wenye jasho miaka na miaka. Siku ya kwanza alininusisha huku anacheka. "Jasho la mzee hilo."

Kazi yangu ilikuwa kuandika kikaratasi cha Kiingereza cha kuning'iniza kwenye gitaa, pamoja na picha ya Baba akiwa na bendi, kwamba hili ndilo alilopiga. Naungama, niliandika kwa mkono wangu. Nilijiambia ni biashara tu, kila duka lina hadithi zake. Siku nilipopekua daftari nikakuta nimeshamuuza Baba mara tano. Tangu siku hiyo harufu ya kondoo inanifuata. Nanawa kwa sabuni ya kufulia, bado naisikia kwenye kucha.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, akaja mzee mmoja mgeni, kwao ni fundi magitaa, dereva wake anamtafsiria. Alitoa bisibisi yake mfukoni, akafungua gitaa pale pale kaunta, akaangalia nyaya, akanusa shingo. Hakugomba. Alisema gitaa hili limekula sana nyama ya kondoo. Dereva akacheka, mimi nikatamani ardhi inimeze. Kisha mzee akauliza kama huyu mtu wa kwenye picha aliacha gitaa la kweli. Kaka akasema lipo kwa mama.

Tukaenda Ganako. Gitaa la Baba halina sura. Alilipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye geti, kitufe kimoja ni cha redio. Mzee alilifungua taratibu kama anamvua mgonjwa bandeji. Akasema wakusanyaji hawatalitaka, rangi ile imeshaliharibia thamani. Ila mbao yake ni nzuri mno, na zile sumaku za ndani zinazonasa sauti ni zilezile za kiwandani, hazijaguswa, na siku hizi ni adimu. Alikuwa na spika ndogo kwenye gari. Akalichomeka, akapiga kidogo. Mama alikuwa uani anachambua maharage, nikaona mikono yake imesimama juu ya ungo. Mzee akatuambia tusiliuze, tutafute mtu wa kulipiga.

Tukiwa njiani kurudi, kaka akaniambia, "Kumbe tulitundika ganda tu. Utumbo ndio mali."

Akanieleza mpango. Atatoa sumaku za Baba azitie kwenye gitaa lake la samadi, ili mnunuzi akifungua akute vitu vya kweli. La Baba atalijazia takataka na kulirudisha ukutani. Mama hapigi gitaa, atajua nini? Alisema kama mtu anayepasua mbuzi. Nikamwambia kaka, kile ndicho kitu pekee chenye mkono wa Baba.

"Baba yuko kaburini, dada, hayumo kwenye nyaya. Na usijifanye msafi. Vikaratasi aliandika nani?"

Nilimwomba asimamishe gari, nikashuka, nikamalizia njia kwa miguu.

Siku mbili baadaye, Mama akiwa kwenye maombi kanisani, nilirudi Ganako nikalichukua lile gitaa. Liko chini ya kitanda changu. Sikumwambia mtu, na hapo ndipo nilipokosea. Mama anaamini limeibiwa. Yeye ni mtu wa kanisa kabisa, lakini safari hii amewaita wazee wa ukoo waje Jumapili watamke laana. Alisimama mbele yetu sote watoto wake akatuambia maneno yatakayotamkwa siku hiyo, "Aliyemtoa baba yenu ukutani, mkono wake ukauke." Kaka akanitazama mimi, akaitikia amina. Jioni akanitumia ujumbe: nimletee gitaa kabla ya Jumapili, atasema limeokotwa, na wazee wataambiwa wasije.

Nikimpa, atalitoa utumbo. Nikimweleza Mama, lazima nimweleze yote, samadi, mafuta ya kondoo, na mwandiko wangu, na Mama ana presha. Nikinyamaza, mama yangu mzazi atanilaani bila kujua kuwa ni mimi.

Wazee wanakuja Jumapili baada ya ibada. Mama amenipangia mimi kuwapikia. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Nishaurini kabla sijabandika hiyo sufuria ya chai.