Kulwa Yuko Wapi?

Ipo siku moja ambayo naikumbuka hata nikiwa nimechoka kama leo, na siku hizi, mwanangu, kuchoka ndiyo kazi yangu. Ni siku ambayo mzee mmoja mgonjwa alinichekesha kwenye korido ya hospitali, huko India, mpaka nesi akaja mbio kuuliza kuna nini.

Nakusimulia kwa sababu mama yako, jirani yangu hapa Kiseke, Mwanza, alikuja jana akakaa barazani kwangu ameshika tama. Anasema tangu baba yako azikwe, kila akikupigia simu huko ng'ambo unakosoma unamjibu, "Nipo sawa, mama." Anasema hata wenzako mnaolala chumba kimoja hawajui kama umefiwa. Nilimwambia akapumzike, nitasema nawe mimi. Hiyo "nipo sawa" naijua. Niliisema mwaka mzima na mate yakanikauka.

Mimi jina langu Doto, na kwetu huku huwezi kuitwa Doto halafu watu wakakaa kimya. Ukijitambulisha tu, hata kwa muuza dagaa usiyemjua, atakuuliza, "Kulwa yuko wapi?" Maana Doto ni pacha wa pili, hazaliwi peke yake; wa kwanza ndiye Kulwa. Kulwa wangu alinitangulia kutoka tumboni na kila siku alinikumbusha, utadhani alinipita miaka kumi. Mimi nilipopata nafasi ya kwenda India kusomea mambo ya maabara, yeye alibaki Igogo, hapahapa Mwanza, anauza vitenge. Alinisindikiza huku ananicheka, eti nakwenda kusomea mikojo ya watu.

Mwaka wa pili nikiwa huko, homa ilimchukua kwa siku chache tu. Mjomba alipiga simu bwenini. Kurudi nyumbani kuzika ilikuwa haiwezekani, nauli ile ungeuza ng'ombe wote wa babu usingeifikia. Basi nikakata simu, nikanawa uso, nikaenda darasani.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana wewe unafanya kilekile. Kule hakuna aliyejua maana ya jina langu. Doto kwao lilikuwa jina tu, zuri, fupi. Hakuna aliyeniuliza Kulwa yuko wapi. Nikaona afadhali. Rafiki akitaka kujua habari za kwetu, nilimwambia, "Nina pacha wangu, anauza vitenge." Nina, anauza. Sikuthubutu kusema "nilikuwa naye". Nilimweka Kulwa pale dukani kwake kwa ulimi wangu, na kwa kuwa nilikuwa mbali, hakukuwa na mtu wa kunibishia.

Lakini kilio ukikifungia ndani, mwanangu, kicheko nacho hakipati njia. Vyote viwili mlango wao ni mmoja. Nilikula nisijue nimekula nini. Wenzangu walinipeleka sikukuu zao, wakanipaka rangi, wakacheza ngoma, mimi nimekaa pembeni nimeshika mikoba yao. Masomo nilifaulu, nisikudanganye. Ila nilikuwa nimekauka kama michembe, vile viazi vya kuanikwa juani.

Ndipo akaja Mzee Pazi. Alikuwa Mzaramo aliyeletwa Mwanza na kazi ya reli tangu ujana wake, akaoa huku, akazeekea Igogo. Alikuja India kutibiwa moyo akiwa na binti yake, na sisi wanafunzi tulikuwa na desturi ya kwenda kuwasaidia wagonjwa wa nyumbani wasiojua lugha. Nikatumwa mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Doto."

Kabla sijakaa akauliza, "Na Kulwa yuko wapi?"

Mwaka mzima sikuwa nimelisikia swali lile. Nikamjibu kama nilivyozoea, kwamba yuko Igogo, anauza vitenge. Mzee akafurahi mno! Igogo ndiko kwake, akasema, akirudi atamtafuta mpaka ampate. Kuanzia hapo kila siku nikienda ana salamu mpya. Nimwambie Kulwa hivi, atamwambia Kulwa vile, atamshitakia jinsi Msukuma mmoja, yaani mimi, anavyomlisha dawa chungu huku amenuna. Nami nacheka cha juujuu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa inaishia Igogo.

Walipokaribia kupewa ruhusa ya kuondoka, yule binti yake alitoka madukani na mitandio miwili, rangi moja, nakshi moja. Mmoja akanivika mabegani. Mwingine akaanza kuukunja vizuri auweke kwenye sanduku. "Huu wa Kulwa," akasema. "Mapacha hawapewi kimoja."

Nikashindwa. Nilisema, "Dada, usiuweke. Kulwa amefariki. Mwaka sasa."

Hakuna aliyenikemea. Binti alikaa kitandani na mtandio mapajani. Mzee akauliza, "Ulimlilia na nani?"

"Sikulia na mtu, mzee. Huku hakuna anayejua."

"Basi umemfanya marehemu mtoro," akasema. "Kaburini humtaki, dukani hayupo. Unamzungusha tu. Huyo naye anataka kupumzika, mwanangu. Na wewe pia umechoka, nakuona."

Kisha akaniuliza, "Watani walikuja kwenye msiba wenu?"

Nikamwambia sijui. Nyinyi vijana siku hizi utani mnaudhani ni maneno ya mtandaoni, lakini unajua kazi ya mtani msibani, yule wa kabila linalotaniana na lenu. Anaingia wakati watu wamezama kwenye vilio, anaigiza marehemu, anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, hadi wafiwa wacheke wakiwa na machozi mashavuni. Hakuna wa kumkasirikia. Wazee waliona mbali, walijua mfiwa mwenyewe hathubutu kucheka, kwa hiyo wakamweka mtu wa kumruhusu.

"Mimi Mzaramo, wewe Msukuma," mzee akasema. "Msiba wa mtani wangu ulikwisha vipi mimi sijafika? Haya. Alikuwa anatembeaje?"

Nikamweleza kwa shida, kwamba alipandisha bega moja, na mkono alikuwa anaurusha kama anafukuza kuku. Mzee akashuka kitandani na gauni lake la hospitali, lile lililo wazi mgongoni, akashika chuma kilichoning'iniza dripu yake, akatoka koridoni. Bega juu, mkono unarushwa. Binti yake anamkimbilia, "Baba, moyo wako!" Yeye hasikii.

"Siyo hivyo, mzee," nikasema. "Bega la kushoto."

Akabadilisha bega, akageukia wagonjwa wa watu waliokaa kwenye viti akawapigia kelele kwa sauti nyembamba, "We mama! Kitenge usikitomasetomase kama hununui!"

Mwanangu, alikuwa Kulwa yule. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kicheko kilipofika katikati kiligeuka kilio, kilio chenyewe hasa, cha kuita jina. Binti akaja kukaa chini na mimi, na nesi akaja, na mzee akarudishwa kitandani kwa lawama nyingi. Nililia hadi chakula cha jioni kikaletwa. Nikala sahani yangu na nusu ya mzee.

Sikwambii huzuni iliisha siku ile. Nimezika wengi tangu hapo, na Kulwa bado ananiuma, hasa nikipita Igogo. Lakini usiku ule nilimwambia mwenzangu wa chumbani, Sunita, kila kitu, naye akaomba nimwoneshe picha, akashangaa tulivyofanana. Sikukuu iliyofuata nilicheza. Nilicheza vibaya, ila nilicheza. Mzee Pazi alipofika Mwanza aliwapelekea wazazi wangu ule mtandio wa Kulwa, na mama akauvaa kanisani hadi ukachanika.

Basi sikia nasaha za mtu aliyechoka, maana aliyechoka hapambi maneno. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Waambie hao unaoishi nao kwamba umefiwa na baba, umtaje jina, uwaeleze alivyokuwa anakohoa kabla ya kuingia ndani na alivyokuwa anakubali kupunjwa sokoni kwa sababu ya aibu ya kubishana. Wasipoelewa, waeleze tena. Lia mbele ya mtu. Na siku kitu kitakapokuchekesha, cheka, usijione msaliti. Baba yako alikupeleka huko usome na uishi, hakukupeleka ukamlindie kaburi kwa mbali. Na mama yako akipiga simu kesho, usimwambie upo sawa. Mwambie kifo cha baba kinakuuma, mlie pamoja, yeye naye huku hana wa kulia naye usiku.

Mungu akutunze katika nchi ya watu, mwanangu. Akupe chakula kinachopanda, usingizi unaokuja wenyewe, na mtu wa kukutania. Na akikuletea furaha, hata ndogo, hata mapema kuliko ulivyodhani inafaa, ipokee kwa mikono miwili.