Sauti ya Getruda Kutoka Ng'ambo ya Bonde

Wimbo wa "Kule Juu Hakuna Mlango" ni wa Getruda wa Tlawi, asikudanganye mtu! Siku hizi kila kwaya inajidai ni wake. Uongo mtupu. Mimi Ludovika nilikuwepo. Alianza kuuimba tukipalilia shamba la kijiji, mwaka wa sabini na mbili:

"Kule juu hakuna mlango,
anayefika haulizwi."

Wiki mbili tu, Tlawi nzima inauimba. Wachungaji, watoto wa shule, hata walevi wakitoka kilabuni! Mwalimu Nikolausi, mtu wa Songea aliyeongoza kwaya yetu, akaandika barua kwa watu wa redio. Wakajibu kwamba watakuja kuturekodi. Jamani, nilicheza peke yangu jikoni!

Kabla hawajafika, mtoto mchanga wa Getruda akafariki. Kwa mila yetu Wairaqw, mama wa namna hiyo anaingia metimani. Hachoti maji na wenzake, haendi dukani wala kanisani, na hakuna anayeingia kwake, karibu mwaka mzima, kifo kisije kikamfuata jirani. Padre alikuwa anakataza, Chama kinakataza, na sisi tunaitikia ndiyo huku tunaogopa. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Niliogopa kuliko wote.

"Ludovika, basi utaanzisha wewe," akasema Mwalimu.

Nikajaribu. Sauti ikapanda, ikafika katikati, ikakwama. Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikakasirika! Ndipo tukasikia, ng'ambo ya bonde, mtu ameupokea wimbo pale pale nilipouachia. Getruda! Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yake, mdogo kama kidole, anaimba. Tukaitikia kwa nguvu zote. Tangu siku hiyo tulifanyia mazoezi nje, ukingoni mwa kilima, yeye kule na sisi huku. Sauti haina mwiko.

Siku ya redio ikafika. Gari, mashine, nyaya, na fundi kijana wa Dar es Salaam, Reginald, amevaa suruali pana chini. Getruda akaanzisha kutoka ng'ambo, nasi tukapokea. Reginald akainua mkono.

"Simamisheni! Nani huyo anapiga kelele huko? Anaharibu. Twendeni darasani, tufunge madirisha."

Mwalimu akaanza kumweleza kwa upole. Mimi upole sina. Nikashika kiuno, na tumbo langu mbele.

"Wee kaka, huyo unayesema anapiga kelele ndiye mwenye wimbo! Tukiingia darasani atabaki nje ya wimbo wake mwenyewe. Hatuingii. Geuza hicho kipaza sauti kitazame bonde, ama sivyo rudi kwenu na mashine yako!"

Kwaya ikapiga vigelegele. Reginald akanitazama, akalitazama tumbo, akakigeuza.

Miezi mitano ikapita. Jioni moja tukajazana duka la Margwe, kwenye redio yake, hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Mtangazaji akasema: Kwaya ya Tlawi. Yesu wangu! Ikatoka sauti ya Getruda kwanza, nyembamba, ya mbali, halafu sisi wote. Watu wakarukaruka, Margwe akagawa peremende bure. Nami nikapiga kelele mpaka mwanangu Imakulata, wa mwezi mmoja, akaamka mgongoni.

Halafu nikaona aibu. Nchi nzima ilikuwa imemsikia Getruda, na sisi majirani tulikuwa hatujampa hata mkono wa pole.

Nikatoka, nikateremka bondeni. "Wee Ludovika, una wazimu? Na mtoto mgongoni?" wakaniita. Sikugeuka.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ludovika. Umetoka redioni, Getruda! Umeanza wewe, kila mtu amekusikia!"

Nikamsikia akicheka, halafu akilia. Akasogea mlangoni, lakini hakufungua.

"Umekuja na mtoto?"

"Ninaye."

"Basi rudi, dada. Usiingie. Nakuomba."

Nikasukuma mlango, nikaingia, nikamfungua Imakulata mgongoni na kumweka mikononi mwa Getruda.